Ekari 5, mikorosho 90 na nyumba ya bati Tandahimba kwa milioni 6: kuna nini hapa?

#1 Mwalimu wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa kike, nimebakiza miaka michache kustaafu, na mpaka leo nakaa nyumba ya kupanga Mbagala. Bibi mzaa mama alitoka Newala. Mimi nimezaliwa Dar, Kimakonde nasikia tu, kuongea siwezi. Nimeamua uzee wangu nikaumalizie kule.

Wiki iliyopita nilishuka Tandahimba na shemeji yangu. Tumeoneshwa shamba la ekari 5 kwa kupima hatua. Mikorosho tumeihesabu wenyewe, 90, mikubwa, matawi yameshikana. Katikati kuna nyumba ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati juu, choo nje. Muuzaji ni baba wa makamo, mpole sana. Anataka milioni 6.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu. Anasema msimu uliopita alipata kilo 700 na kidogo. Nikiweka 3,000 tu kwa kilo, hiyo ni zaidi ya milioni 2. Yaani misimu mitatu hela imerudi, na nyumba ninayo. Mtu anauzaje kitu kama hicho kwa bei hiyo? Nilipomuuliza alijibu ana mtoto wa kusomesha. Anataka milioni 2 za kutangulia kabla mwezi haujaisha.

Wenyeji wa kusini, niambieni. Bei hii ni ya kawaida huko au kuna kitu sikioni?

#2 Kuchele
Mtwara kuchele! Karibu nyumbani, mwalimu. Naweka mkeka hapa nisubiri wajuzi.

#3 Salfa
Mwalimu, kilo 700 siyo hela ya mfukoni. Toa makato ya chama cha msingi cha ushirika na chama kikuu, toa ushuru, toa usafiri. Kabla ya hapo ulishalipa palizi, ulishalipa mpuliziaji, petroli ya mashine, na watu wa kuokota. Dawa ya salfa ya ruzuku ipo, ila lazima uwe umesajiliwa, na ugonjwa wa ubwiriunga haungoji gari lifike. Nina mikorosho 120 Nanyamba. Nikibaki na nusu ya nilichouza namshukuru Mungu.

Kwa hiyo misimu mitatu ifanye sita. Bado ni rahisi lakini, sikatai.

#4 Mjukuu wa Kitangari
Swali la kwanza lilikuwa maji, na hamjaliuliza. Umeona kisima pale?

Huko juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto, na maji ya ardhini yako chini mno. Usije na mawazo ya Mbagala ya kuita watu wakuchimbie kisima uanze kuvuta. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za mkoloni, unapandisha maji kutoka bondeni Mitema, lakini kuna vijiji yanafika kwa zamu na kuna vijiji hayafiki. Mama yangu alikuwa anashuka bondeni usiku wa manane na ndoo, anarudi jua limetoka. Nimekua nikiliona hilo. Nyumba isiyo na kisima cha kuvunia maji ya mvua kule juu ni nusu nyumba, ndiyo maana inauzwa nusu bei.

#5 Fundi wa Masasi
#4 amesema kweli, ila jambo hilo lina dawa. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hiyo ni lita 72,000. Toa inayomwagika na ya kwanza ya kuoshea bati, bado una lita kama 60,000, ndoo 3,000 za lita 20. Mama mmoja na wajukuu wawili watakunywa, watapika na kufua mwaka mzima. Kazi ni shimo la kuhifadhia. Chimba, jenga kwa tofali za saruji, piga lipu mara mbili, mfuniko wa zege wenye mlango wa kufungwa. Usiache wazi, watoto watatumbukia na mbu watazaliana. Fanya kabla ya Novemba, mvua ikianza umechelewa mwaka mzima.

Hiyo nyumba bati zina umri gani? Na kenchi zimeliwa na mchwa? Gonga na mpini wa jembe, zikilia kama ngoma, mchwa wamo.

#6 Mwalimu wa Mbagala
Ahsanteni. Kisima hakipo, nilikuta mapipa mawili tu chini ya bati. Bati lina kutu pembeni. Mchwa sikuwaza kabisa.

#7 Kuchele
Mimi naona mnazunguka. Ni mwezi wa ngapi huu? Kifuku, msimu wa mvua. Korosho imeshauzwa, hela ya Novemba imeliwa kwenye jando, unyago na harusi, mahindi mapya bado yako shambani. Kila mwaka wakati huu watu wanauza. Njoo Desemba uulize bei ya shamba hilohilo, atakutajia 10 na atakuangalia kama mwizi.

#8 Mama Ufuta
Kuchele, unachokisema ni kweli, nami kinaniuma. Hiyo inaitwa kununua njaa ya mtu. Nimeona Nachingwea mtu anatoa ekari 3 kwa gunia za mahindi, akija kushtuka watoto wake ni vibarua kwenye shamba la baba yao. Mwalimu, kama sababu ni njaa, mkopeshe ada ya huyo mtoto, akulipe msimu ukifika. Au mlipe thamani yake.

#9 Salfa
Mama Ufuta, shikamoo. Lakini mwalimu naye siyo tajiri. Anakusanya mshahara wake ajisitiri.

#10 Mama Ufuta
Marahaba mwanangu. Sijamwita tajiri. Nasema aulize njaa ipo au haipo.

#11 Mpwa wa Mjomba
Wote mmepita pembeni ya jambo lenyewe. Umesema muuzaji ni baba. Je, ardhi hiyo ni ya ukoo wake au wa mke wake?

Sisi Wamakonde, na Wamakua, Wayao, Wamwera vilevile, ukoo tunaufuata kwa mama. Mwanaume anarithi kwa mjomba wake, siyo kwa baba yake. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, mwanaume akioa anahamia kwa kina mke. Anajenga huko, anapanda mikorosho huko. Ukimkuta shambani utasema mwenye mali ndiye huyu, kumbe ni mkwe. Na hata kama shamba alipewa na mjomba wake, nyuma yake wapo dada zake na watoto wa dada zake. Wao hawakukuona siku ya kuuza. Watakuona siku ya kuokota.

Mimi ni mpwa, na yalinikuta. Mjomba aliuza ekari 4 tukiwa Dar. Mnunuzi, mtu mwema kabisa, alikuwa na karatasi yenye muhuri. Tulikwenda watu tisa, hatukumpiga wala kumtukana, tulikaa tu chini ya mkorosho na mama yetu mkubwa. Siku ya tatu aliomba kikao. Hela yake alirudishiwa nusu na nusu nyingine mjomba alishaitumia. Mpaka leo nikikutana naye Masasi naona haya.

#12 Mjukuu wa Kitangari
#11 umenena. Lakini usiwaogopeshe watu kana kwamba kila shamba liko hivyo. Siku hizi watu wananunua kwa hela zao na kuandikisha kwa majina yao, na wengi wanarithisha watoto wao. Na sisi Waislamu tuna mirathi ya kitabu. Kijiji kimoja unakuta mila, mirathi ya dini na sheria ya serikali, kila mtu anashika ile inayompa fungu.

#13 Mpwa wa Mjomba
Hapo hapo ndipo mgogoro unapozaliwa. Ahsante kwa kunimalizia.

#14 Mpima
Naomba niseme ya sheria kidogo.

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kukuuzia wala kukupitishia peke yake, hata awe na mihuri kumi. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inakaa kikao, kinaandikwa kwenye muhtasari, wajumbe wanasaini. Omba nakala ya muhtasari huo, siyo barua ya mtendaji tu. Ukitaka kulala usingizi, kamilisha mpaka upate Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina lako.

Pili, mke. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Saini ya mke iwepo, na umwone kwa macho akisaini.

Tatu, kama mali ilikuwa ya marehemu, anayeuza awe ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. "Mimi ndiye mkubwa" siyo uteuzi.

Ikitokea shida, Baraza la Kata ndilo litaamua.

#15 Nyaraka
Mpima, hapo mwisho rekebisha. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

#16 Mpima
Ni kweli, nimekubali. Mazoea ya zamani.

#17 Jicho la Nanyumbu
Na ile asilimia 10 ya bei ambayo kijiji hudai? Mimi nilidaiwa nikalipa.

#18 Nyaraka
Mimi nilidaiwa pia. Niliomba nioneshwe imeandikwa wapi, nikaambiwa ni utaratibu. Niliomba risiti, dai likashuka hadi elfu hamsini. Kila unachotoa, dai risiti ya serikali. Wadai wengi hukoma hapo.

#19 Kobe
Wajukuu zangu, nimesoma kimya kuanzia mwanzo. Mwalimu kasema mikorosho 90 kwenye ekari 5, matawi yameshikana. Kaa na maneno hayo kwanza.

Mikorosho ya kitaalamu tunapanda mita 12 kwa 12. Ekari moja inaingia kama 28, ekari 5 ni 140. Hapo iko 90 na bado imeshikana. Maana yake ilipandwa bila kamba, na ni mizee. Hiyo huenda ni mikorosho ya mahameni, kwenye makazi yaliyoachwa.

Kwa wasiojua. Mwaka 1974 kwenye Operesheni Vijiji tulihamishwa. Mimi nilikuwa kijana, nilibeba mlango wa nyumba yetu kichwani. Tuliacha mikorosho kule nyuma, tukasogezwa barabarani. Mwaka huo wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani kama 145,000. Baada ya miaka 13 zilikuwa zimebaki tani 16,500 hivi. Siyo kuhamishwa peke yake, kulikuwa na ubwiriunga na bei mbovu, lakini mikorosho mingi ilimezwa na pori. Baadaye watu walirudi kidogo kidogo, wakafyeka. Aliyefyeka siyo lazima awe aliyepanda. Ndiyo maana nasema, muulize huyo baba mpole: huu mkorosho alipanda nani?

#20 Mpima
Shikamoo mzee. Kisheria hilo lina jibu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinahalalisha ugawaji wote uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, na madai ya kabla yake yamefutwa.

#21 Kobe
Marahaba. Kinahalalisha aliyegawiwa. Sisi tuligawiwa viwanja kijijini. Mahame hayakugawiwa mtu. Mkorosho wa baba yangu ulibaki porini kwa miaka mingi, wala hakuna aliyeandikiwa kwamba ni wake. Kifungu chako hapo kinamshika nani?

#22 Mpima
Mzee, hapo sina la kukujibu haraka. Inarudi kwenye ushahidi wa majirani.

#23 Kuchele
Lakini kuna miaka 12. Ukikaa kwenye ardhi miaka 12 hakuna wa kukutoa, yamekwisha.

#24 Nyaraka
Hapana, Kuchele. Miaka 12 ni muda wa mwenye mali kufungua shauri. Haimfanyi kila aliyekaa awe mmiliki. Kama uliingia kwa ruhusa, kwa kupangishwa au kwa rehani, miaka hiyo haikusaidii.

#25 Salfa
Nyaraka ametaja rehani na sisi tumeisahau kabisa!

Mwalimu, shamba laweza kuwa lake halali na mikorosho isiwe yake kwa sasa. Huku mtu akibanwa anaweka mikorosho rehani. Anachukua hela, anayemkopesha anavuna misimu miwili, mitatu, hadi deni liishe. Haiandikwi popote, au imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Utanunua, utapalilia, utapulizia, Oktoba anakuja mtu na vikapu vyake na mashahidi wawili. Umuulize wazi mbele ya majirani: mkorosho wowote hapa upo rehani? Mimi nilinunua Nanyamba, 30 kati ya ile 120 zilikuwa na mwenyewe kwa misimu miwili. Nilizitunza kwa hela yangu, akavuna yeye.

#26 Mwalimu wa Mbagala
Hili ndilo lililonitoa jasho. Alisema "shamba ni langu", sikumbuki akisema mikorosho ni yangu. Labda naanza kuwaza kupita kiasi.

#27 Mwana Liwale
Mwalimu, njoo Liwale. Mimi nilipata pori ekari 10 mwaka 2016 kwa laki na nusu ekari. Maji yapo, udongo mzuri wa ufuta, na hakuna mpwa wala mjomba, tuligawiwa na kijiji.

#28 Mama Ufuta
Mwambie na tembo.

#29 Mwana Liwale
Tembo wapo, sikatai. Wakipita usiku mmoja mahindi hakuna. Ng'ombe pia, tangu wafugaji walipoletwa kusini kutoka Usangu. Lakini ufuta tembo haupendi sana.

#30 Mama Ufuta
Anaukanyaga tu. Mwanangu, mama wa miaka yake utampeleka kulinda tembo?

#31 Binti Mikindani
Nami naomba ushauri wa pwani. Nimeoneshwa kiwanja kinaangalia bahari upande wa Msimbati, bei nafuu. Nataka nyumba ndogo ya mapumziko.

#32 Nyaraka
Pima mita 60 kutoka maji yanapofika yakijaa. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi humo. Na eneo kubwa la huko ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, kaulize kwao kabla hujatoa shilingi.

#33 Fundi wa Masasi
Na ukijenga, funga bati kwa nguvu, vimbunga vipo. Kenneth wa 2019 alipiga Msumbiji, jirani tu na sisi. Hidaya wa 2024 alileta mvua iliyokata barabara kule Somanga.

#34 Kobe
Lindi ilipigwa mwaka 1952, mwezi wa nne. Baba alikuwa anahesabu umri wa watu kwa kimbunga kile: huyu kabla, huyu baada.

#35 Jicho la Nanyumbu
Binti Mikindani, uliza pia bei hiyo ni ya lini. Mwaka 2012 na 2013 wakati wa gesi, watu wa Dar walikuwa wananunua Mtwara mpaka makaburini. Bomba likaenda Dar, wakabaki na mapori na hati. Wengi sasa wanauza wanachoita nafuu, nayo bado ni bei ya gesi. Likong'o kule Lindi hivyo hivyo, watu wanasubiri kiwanda cha gesi mwaka wa ngapi huu.

#36 Kuchele
Na mimi nina viwili vya bei ya gesi, tusitajane.

#37 Mpwa wa Mjomba
Turudi kwa mwalimu jamani. Mwalimu, shemeji yako ni mtu wa wapi?

#38 Mwalimu wa Mbagala
Wa Singida. Ameoa mdogo wangu.

#39 Mpwa wa Mjomba
Basi ulikwenda na mgeni kununua kwa usiowajua. Bibi yako ni wa Newala, ukoo wake upi? Tafuta ndugu zake. Wewe kwa mila yetu, kwa kuwa unatokana na binti wa bibi, ni mtu wa ukoo kamili, hata kama umezaliwa Mbagala na lugha huijui. Huenda unahangaika kununua na wewe una haki ya kupewa.

#40 Mwalimu wa Mbagala
Kaka yangu, nimeisoma hii mara tatu. Mama amefariki, lakini yupo mama mdogo Tandika anaujua ukoo. Sikuwahi kuuliza. Tulikua tunaambiwa kwenu ni kwa baba, na baba ni wa Tabora.

#41 Jicho la Nanyumbu
Akienda kudai ardhi baada ya miaka 50 watamwita na yeye ni "mpwa aliyekuja kuokota".

#42 Mpwa wa Mjomba
Akienda na mama mdogo, akaanza kwa kusalimia wazee na siyo kwa kuuliza ekari, hawatamwita hivyo. Hata asipopewa, atapata watu wa kusimama naye siku ya kununua.

#43 Salfa
Na atapikiwa ming'oko, vile viazi vya porini. Mwalimu unaijua ming'oko?

#44 Mwalimu wa Mbagala
Bibi alikuwa anatumiwa kwenye kikapu. Anachemsha, tunakula na chumvi na pilipili. Miaka 30 sijaionja.

#45 Kobe
Msimu wake ni kiangazi. Ukija, pitia na Newala kwenye Shimo la Mungu, uangalie bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji. Bibi yako lazima alisimama pale.

#46 Fundi wa Masasi
Mimi bado nasema bei inatokana na nyumba. Bati la kutu, hakuna kisima, pengine mchwa. Kutengeneza vyote hivyo utaongeza milioni 4 au 5. Muuzaji anajua, ndiyo maana ameshuka.

#47 Mjukuu wa Kitangari
Na barabara. Lami kutoka Mtwara ilikuwa inaishia Mnivata. Huku juu kiangazi mchanga, kifuku tope. Kipande cha kwenda Newala hadi Masasi kikikamilika hiyo milioni 6 hutaisikia tena.

#48 Kuchele
Njaa ya kifuku. Sibadiliki.

#49 Mama Ufuta
Mwalimu, milioni 2 umeshatoa?

#50 Mwalimu wa Mbagala
Sijatoa, mama. Amenipigia leo asubuhi, anasema kuna mtu mwingine wa Dar anaitaka. Nimemwambia nitakuja Ijumaa, nataka kikao na mke wake, dada zake na majirani wa mipaka yote minne, tutembee mkorosho mmoja mmoja kila mtu akitaja ni wa nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila dada yake mkubwa yuko Msumbiji mpaka mwezi wa nne.

#51 Mpwa wa Mjomba
Dada mkubwa. Huyo ndiye wa kumsubiri.

#52 Jicho la Nanyumbu
Au hayupo kabisa, ni kukupotezea muda mpaka utoe hela kwa kuogopa yule wa Dar.

#53 Salfa
Msumbiji siyo mbali, watu wanavuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda msibani na kurudi. Muombe namba ya dada, mpigie mwenyewe.

#54 Mwalimu wa Mbagala
Nitaomba. Kesho baada ya kazi napitia Tandika kwa mama mdogo. Nitarudi hapa.

#55 Binti Mikindani
Nami naomba kuuliza: hizo mita 60 zinapimwa maji yakijaa ya kila siku, au ya bamvua, yanapojaa kupita siku zote?